Usiung'oe Ukurasa

Familia imekimbia vita. Katika vichache ilivyowahi kubeba mna msahafu ulioandikwa kwa mkono, jalada lake la ngozi, vichwa vya sura vimenakshiwa kwa nyekundu na manjano, na pembe za karatasi zimeanza kuliwa. Miaka imekwenda kambini. Ada ya sekondari inadaiwa. Anatokea mtu mwenye pesa taslimu na jicho la kujua kizuri. Wauze?

Swali hili nimelileta Turkana kwa sababu huku ndiko linakouma. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, na tangu hapo imepokea Wasudani, Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Kambi za wakimbizi za pwani ya Kenya zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya waliokuwa Mombasa wakahamishiwa huku pia. Hivyo nchi ya wafugaji wa ngamia na mbuzi ikawa makazi ya watu waliotoka pande za miji ya vitabu: Barawa, Mogadishu, Harar. Wa Barawa wanazungumza Chimini, ndugu wa Kiswahili, na wamekiandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee wa Lamu na Pate.

Nimewakalisha watu wanne barazani mbele ya duka moja la Lodwar, baada ya isha. Nimewatunga mimi, ila hoja zao ndizo zinazogongana kweli kila mahali ambapo hati za kale hukutana na soko. Mkusanyaji ni mfanyabiashara wa Mombasa aliyeletwa Lodwar na biashara ya saruji na mabati. Maalim ni Mbarawa, anasomesha chuo Kakuma. Bi Mwalimu amezaliwa Lamu na anafundisha historia katika sekondari mjini. Mzee ni Mturkana, mwenyeji wao wote.

Mkusanyaji: Maalim wangu, niwie radhi nianze mimi, maana najua ndimi mshtakiwa. Mnaniona nanunua, hamwoni ninachookoa. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ikijaa, maji huingia mpaka vyumbani pale Kakuma. Mchwa wa Turkana hajui msahafu wala daftari la mkopo. Kitabu kilichopona risasi kinakuja kufia ndani ya sanduku la bati. Pale Harar, Abdulahi Ali Sherif alianza kukusanya kama mtu binafsi, kwa mali yake, hati na vyombo vya mji wake wakati ambapo wengi hawakuvitazama mara mbili. Leo mkusanyo wake ni makumbusho, ndani ya nyumba kongwe ya Ras Tafari, na humo hati hutengenezwa na kufungwa majalada upya. Na ule msahafu wa Ibn al-Bawwab, ulioandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijria, yaani 1000 au 1001, uko mzima mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty huko Dublin. Aliyeukusanya alikuwa tajiri wa migodi aliyependa vitabu. Asingekuwapo mtu wa namna hiyo, leo tungeutazama wapi?

Maalim: Sherif alikusanya vya Harar akaviweka Harar. Wewe, bwana, utaviweka wapi?

Mkusanyaji: Nyumbani kwangu, Mombasa. Nikifa, wanangu wataamua.

Maalim: Hapo ndipo ninapopaogopa. Lakini tusianze na makumbusho, tuanze na ukurasa wa kwanza. Vitabu vingi vya pwani vina neno la wakfu mwanzoni: fulani bin fulani amekitoa kwa ajili ya wanafunzi wa msikiti fulani. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakipewi mtu, hakirithiwi. Mwenye kukibeba kukimbia nacho ni mlinzi tu. Ukiukuta msahafu wa namna hiyo Kakuma, hata mwenye njaa hana cha kukuuzia, na wewe huna cha kununua. Usipokuwa wa wakfu, maulamaa wamehitilafiana. Wako waliochukia kuuza msahafu na hawakuona ubaya kuununua, wako walioruhusu yote mawili. Mimi sitamharamishia mtu kilicho na nafasi. Na ukurasa uliochakaa hata hausomeki, sisi huuzika au huuchoma kwa heshima.

Mkusanyaji: Mnauzika! Maalim, hayo ndiyo yanayoninyima usingizi. Mwaka 1972, mafundi walipotengeneza Msikiti Mkuu wa mji wa Sanaa walikuta juu, chini ya paa, maelfu ya vipande vya misahafu, vingine vya karne za mwanzo kabisa za Uislamu. Waliovitia huko walidhani vimemaliza kazi yake, kumbe ni hazina.

Maalim: Na vikakaa salama karne zote hizo kwa sababu gani? Kwa sababu havikuwa na bei.

Mkusanyaji alinyamaza kidogo, na alikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini jibu la Maalim halimalizi jambo. Bei imeshakuwapo. Juni 2020, msahafu wa karne ya 15, ulioandikwa juu ya karatasi za rangi kutoka China, uliuzwa kwa mnada na Christie's jijini London kwa zaidi ya pauni milioni 7, mara nyingi ya makadirio, na wasomi wakauliza hadharani ulikuwa mikononi mwa nani miaka yote ya nyuma. Hakuna msahafu wa Kakuma utakaofika huko. Ila habari ya bei ya London humfikia dalali, na kutoka kwa dalali hufika mpaka kwenye sanduku la bati bila tarakimu zake: anayeuza huambiwa tu kwamba vitu hivi siku hizi vina wateja.

Bi Mwalimu: Naomba nami niseme, Maalim, kwa idhini yako. Mimi natoka Lamu, na Siyu ni mwendo wa mashua tu. Karne ya 18 na ya 19 Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi, na misahafu yake unaitambua ukishauona mmoja: nyeusi, nyekundu na manjano, misuko ya mistari inayozunguka kurasa mbili za mwanzo zinazotazamana, maua pembeni kuonyesha juzuu na vituo vya kusoma. Watafiti kama Zulfikar Hirji wameichunguza kwa miaka, na wengine wamelinganisha nakshi hizo na za Harar na hata za India. Ile si kazi ya mji uliojitenga. Watu wa Siyu waliona mengi, wakachagua, wakafanya yao. Kalamu ilichongwa kwa tete, ncha ikakatwa mshazari ili mstari unenepe na kukonda kwa mgeuko wa mkono. Wino mweusi ni masizi yaliyosagwa na gundi ya mgunga, mti ambao hapa Turkana umejaa. Karatasi ilitoka Ulaya, nyingi Italia, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga mara nyingi utaona miezi mitatu iliyofichwa ndani yake. Kitabu kimoja kimekusanya Italia, migunga yetu na mkono wa mtu wa Siyu.

Mkusanyaji: Ndiyo maana navitaka, binti yangu. Umenisemea.

Bi Mwalimu: Sijamaliza, ami. Hayo yote nimeyajua kwa kuwa kuna misahafu ya Siyu iliyobaki na historia yake, mingine Fort Jesus, mingine Lamu. Jina la mwandishi, mwaka na mji huandikwa wapi? Mwisho kabisa, baada ya sura ya mwisho. Wakfu huandikwa mwanzo. Nakshi kubwa nazo ziko mwanzo na mwisho, pengine katikati. Sasa dalali akishika kitabu kizima, anahesabu haraka: kizima nitapata mnunuzi mmoja, nikikifungua uzi nitapata wanunuzi mia. Kurasa za nakshi zinakwenda kwenye fremu. Za katikati zinauzwa moja moja kwa bei ya chini. Ile ya mwisho yenye jina hupotea, kwa kuwa haina rangi. Kuanzia hapo hakuna awezaye kusema huu ukurasa ni wa Siyu, wa mwaka gani, wa mkono wa nani. Huko duniani wamevifanyia hivyo hata vitabu vya wafalme. Shahnama ya Shah Tahmasp, kitabu cha mashairi kilichotengenezwa Tabriz kikiwa na picha 258, kilinunuliwa na Mmarekani Arthur Houghton mwaka 1959, akakifumua: picha 78 akaipa makumbusho ya Metropolitan, nyingine zikaenda minadani, na mabaki yakarudi Iran mwaka 1994 kwa kubadilishana na mchoro wa kisasa. Kitabu cha mfalme, na hakukuwa na wa kukitetea. Cha mjane wa Kakuma kitatetewa na nani?

Mkusanyaji: Mimi sifumui vitabu.

Bi Mwalimu: Kwenye ukuta wako kuna kurasa ngapi za moja moja?

Mkusanyaji: Nilizikuta zimeshafumuliwa.

Bi Mwalimu: Na aliyezifumua alizifumua kwa sababu wapo wanaonunua za moja moja.

Hapa mimi mwandishi nasimama upande wa Bi Mwalimu bila kusita. Ubaya wa soko hili hauanzi pale kitabu kinapobadilisha mikono. Vitabu vimekuwa vikibadilisha mikono tangu vilipoanza kuandikwa: Baghdad ilikuwa na soko zima la wauza vitabu, na waandishi wa Siyu hawakuandika bure. Ubaya unaanza kwenye uzi. Ukikatwa uzi, mwandishi aliyekaa miezi akinyoosha mistari anafutwa kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mvua wala mchwa wa kulaumiwa. Ukurasa unabaki mzuri, lakini hauna tena mtu wala mji.

Mzee: Ndugu zangu, mimi sisomi hayo maandishi, lakini hadithi yenyewe naijua. Mwaka 1984, pale Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa letu, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha mfupa kidogo. Wakachimba, wakapata kijana mzima, wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Wakamchukua. Yuko Nairobi. Watoto wetu wengi wamemwona kwenye kitabu cha shule tu, na ametoka kwao. Hilo linaniuma. Lakini nawaambia na la pili: dunia nzima inamwita Kijana wa Turkana. Waliomchukua waliandika walimtoa wapi, mto gani, tabaka gani la udongo. Wangemwokota usiku na kumuuza bila kusema, leo angekuwa mifupa tu.

Maalim: Allah akuzidishie, Mzee. Umelisema.

Mkusanyaji: Basi serikali ilinde na hati hizi. Sheria iko.

Bi Mwalimu: Iko, ami, lakini isome. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakieleza kitu cha kale kuwa ni kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Vitabu vimetolewa nje ya maana hiyo. Sheria hiyohiyo inautaja kwa jina mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Yaani mlango wa nyumba ya Lamu umelindwa kwa jina lake, na msahafu uliolala shubakani nyuma ya mlango huo haumo. Ziko sheria za nyaraka, lakini afisa wa mpakani anayefungua begi anatafuta pembe za ndovu na vinyago. Msahafu ataurudisha begini kwa heshima.

Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi wetu hudhani ulinzi upo. Na hata pale ulipo, kinachorudisha kitu nyumbani mara nyingi ni ushahidi wa mtu mmoja. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alipiga picha ya mzee wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango, nguzo za kuwakumbuka marehemu, vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka baadaye mtafiti yuleyule alikitambua kimoja katika mkusanyo wa makumbusho Marekani, na cha pili kikapatikana kwingine nchini humohumo. Vyote viwili vilirudishwa Kenya kufikia 2007. Bila ile picha, vingebaki vinyago visivyo na kwao.

Bi Mwalimu: Ndiyo maana mimi nasema misahafu hii isiuzwe kabisa. Picha ipigwe, kitabu kibaki na mwenyewe. Kwetu Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha, kazi iliyoongozwa na Anne Bang chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu havikutoka Lamu. Msomi wa Oslo anavisoma, na mwanafunzi wa Riyadha bado anavishika.

Maalim: Mwanangu, Riyadha ina paa. Ina wasimamizi, ina waumini wanaochanga. Mwenye msahafu Kakuma ana nini? Wewe una mshahara, kila mwezi, hata kama hautoshi. Mimi nawajua wazazi ambao mtoto wao amefaulu na nafasi ya shule inapotea kwa deni. Ukimwambia mzazi huyo asiuze kwa ajili ya urithi, urithi wa nani? Yeye ndiye mrithi. Babu aliandika ili wajukuu wasome. Mjukuu akisomeshwa kwa thamani ya kitabu hicho, mimi siwezi kusema babu amekosewa.

Bi Mwalimu: Maalim, sikutarajia wewe ndiye utamtetea mnunuzi.

Maalim: Simtetei yeye. Namtetea muuzaji. Nyote wawili mnazungumza kana kwamba mwenye kitabu hana akili ya kuamua. Yeye anakuja na pesa, wewe unakuja na kamera, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Haki yake ya kwanza ni kuambiwa alichonacho. Huu ni wa mji gani, una wakfu au hauna, kurasa za mwisho zina jina gani, wengine wameuza kwa kiasi gani. Asiyejua hayo hajauza, ameporwa kwa risiti.

Sauti hii ya Maalim ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuiandika, kwa kuwa inavuruga pande zote mbili. Tumezoea kumlaumu anayeuza cha mababu. Mkimbizi akiuza, lawama huwa mara mbili, maana tunataka awe mlinzi wa nchi ambayo yeye mwenyewe ameikosa. Si haki. Kama hati hizi ni mali yetu sote, watu wa pwani na wa bara, basi gharama ya kuzitunza haiwezi kuwa ya mzazi mmoja mwenye deni la ada. Taasisi zenye vyumba vikavu na mafundi wa karatasi zingeweza kufika Kakuma kabla ya dalali, zikanunua kwa bei ya haki au zikahifadhi kwa amana. Mpaka zifike, tusimtukane anayeuza.

Mkusanyaji: Na mbao, Maalim? Zile za chuo. Nimeziona Kakuma, nyeusi kwa wino wa miaka, na huko Ulaya na Marekani mbao za Somalia na Sudani zinauzwa kama sanaa ya Afrika.

Maalim: Ubao wa mtoto unaandikwa asubuhi, akihifadhi unaoshwa, unaandikwa tena. Maji yake wengine huyanywa kwa baraka, kama mnavyokunywa kombe pwani. Wewe utanunua somo moja lililokauka na kulitundika. Ukitaka khati kutoka Kakuma, agiza. Vijana wenye mkono mzuri wapo, masizi yapo, gundi ndiyo hiyo aliyoisema binti hapa. Mlipe anayeandika leo, ukutani kwako andika jina lake.

Mkusanyaji: Hilo nalikubali, wallahi, na nitaliagiza. Lakini kibao kipya si msahafu wa miaka mia mbili, na nyote mnajua. Semeni basi: nikimpata mwenye msahafu usio wa wakfu, mwenye kutaka kuuza kwa hiari, nifanyeje ili nisiwe mwizi?

Bi Mwalimu: Kwanza ukurasa kwa ukurasa upigwe picha, mpaka jalada na madoa, kabla pesa haijatoka mfukoni. Nakala ibaki kwa familia, na nyingine Lamu au Fort Jesus. Uandike umenunua kwa nani, lini, wapi, na kitabu kilipitia njia gani mpaka kikafika Kakuma. Yeye akiogopa jina lake kutajwa, liandikwe mahali pa siri, lakini liandikwe. Na uzi usikatwe, wala na wewe wala na utakayemuuzia.

Mkusanyaji: Nakubali yote.

Maalim: Bado moja. Siku ukitaka kuuza, au wanao wakitaka, familia iulizwe kwanza. Na ikitaka kuukomboa, ilipe ileile uliyoilipa.

Mkusanyaji: Ileile? Maalim, mimi nitakuwa nimeutengeneza, nimeulinda, pengine miaka thelathini. Shilingi ya leo si ya wakati huo.

Maalim: Na wewe utakuwa umeusoma miaka thelathini. Gharama ya fundi warudishie, sawa. Faida usiitake kwao.

Mkusanyaji: Faida ndiyo inayomfanya mtu kama mimi aje Kakuma.

Bi Mwalimu: Ulipoanza ulisema ni kuokoa, ami.

Mkusanyaji: Ni vyote viwili, na sioni haya kusema. Kwenye picha, uzi na jina nimewapa neno langu. Kwenye hili la bei siwapi, mpaka nilale nalo.

Mzee: Lala nalo hapahapa Lodwar, bwana. Usiende Kakuma kesho kabla hujajibu.